Mwalimu wa Iko

Mtu akiniuliza ni nani aliyemfundisha mwanangu Kiswahili, ningependa sana kujibu kwamba ni mimi. Nina haki ya kujibu hivyo. Nimesomea ualimu, nimeshika chaki miaka tisa Tanga kabla ya kuja Toronto, na hadi leo nikiona tangazo lililoandikwa "kitabu hii" mkono unaniwasha kutafuta kalamu nyekundu. Rehema nilimzaa mwenyewe, nikambembeleza kwa Kiswahili akiwa bado hana jino. Lakini kwa Kiswahili alimjibu mtu mwingine. Mimi alinijibu kwa Kiingereza tangu akiwa mdogo, akaniita Mom, na huyo mtu mwingine hakujua ngeli hata moja.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina lake nalijua ila sitaliandika, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwatajwa, na mimi sina hamu ya kumwongezea sifa juu ya zile alizonazo. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani, sikumwuliza. Wapo waliosema ni Mgoa wa Nairobi, wengine wakasema wa Dodoma. Akiulizwa alijibu, "Mimi natoka reli," kwa kuwa aliwahi kuwa karani wa reli huko nyumbani, na watu walicheka wakasahau kuuliza tena.

Tulifundisha pamoja miaka saba katika shule ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa chini wa jengo moja kuukuu katika mtaa wa Mount Dennis, Toronto. Wazazi walikuwa wa kila namna. Walikuwapo wa Moshi, wa Mombasa na wa Bukavu waliokuja kwa basi. Wagoa na Waismailia walikuja na magari kutoka Mississauga, na Mashia wa Thornhill walilalamikia maegesho kila Jumamosi bila kuchoka. Chumba cha kwanza kilikuwa changu: Kiswahili, kusoma na sarufi. Chumba cha pili kilikuwa chake, na kipindi chake kiliitwa Dini na Maisha. Kamati iliona ni bora watoto wetu, wa darasa la pili hadi la tano, wajue dini za wenzao kutoka kwetu kabla hawajafundishwa upuuzi uwanjani. Wakatafuta mtu ambaye hatawavuta watoto upande wake. Wakampata yeye, ambaye hakuna aliyejua upande wake ni upi.

Kati ya vyumba vyetu palikuwa na ukuta wa jipsamu, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilisikia. Ndiyo maana naweza kusimulia. Nilikuwa naye Jumamosi zote hizo bila kukaa naye.

Alivaa sweta la rangi ya haradali, kiangazi na baridi. Vitu vyake alivibeba kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, ukichanika anachukua mwingine. Alichelewa. Alikula biskuti za watoto kisha akashiriki kumtafuta mwizi. Kifuko kimoja cha chai alikitumia mara mbili, na mara ya pili alikisifu kuliko ya kwanza. Aliwafundisha watoto subira ya Waislamu wakati wa mfungo na subira ya Wakristo wakati wa Kwaresima, halafu yeye akifika kwenye lifti anabonyeza kitufe mara ishirini huku akiitukana. Mpango wa somo hakuandika hata siku moja. Mimi niliandika kwa wino wa rangi tatu, na hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Sasa Kiswahili chake. Kiswahili chake kilikuwa msiba. Kila kitu duniani kwake kilikuwa "iko". Viti iko. Watoto iko. Na Mungu, astaghfirullah, naye iko. Nakumbuka Jumamosi ya kwanza niliyosikia ukutani sauti yake ikiuliza, "Mungu iko wapi?" Chaki iliniponyoka.

"Yuko, Mwalimu!" watoto walipiga kelele. "Mungu yuko!"

"Iko?"

"Yuko!"

"Haya. Yuko wapi, basi?"

Ndipo midomo ikafunguka. Mmoja akasema juu. Mwingine akasema kila mahali, hata kwenye choo cha shule. Wa tatu akasema bibi yake anamwona moyoni. Kijana wa daktari fulani akasema kwao baba anasema hayuko popote, na Mwalimu akamjibu kwa sauti ileile aliyowajibu wengine, "Asante. Nani ingine?" Wakamrukia tena: mwingine, Mwalimu, nani mwingine! Upande wangu watoto walikuwa wamekaa kimya wakinakili umoja na wingi. Niliwaona wanasikiliza ukuta.

Nilimsahihisha, si kwamba sikumsahihisha. Nilimkuta kwenye korido nikamweleza taratibu, kama mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba "iko" haifai kwa mtu, sembuse kwa Mwenyezi Mungu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. "Asante sana, Mama Rehema. Mimi nashika hiyo." Jumamosi iliyofuata, Mungu iko.

Darasani kwake palikuwa na sheria moja tu: neno "wao" ni marufuku. Hakuna kusema Wakatoliki wao hufanya hivi, Waislamu wao hufanya vile. Kila sentensi ilianza na "kwetu". Kwetu tunavua viatu mlangoni. Kwetu tunapiga magoti. Kwetu mama anawasha ubani Alhamisi. Kwetu Jumapili tunalala mpaka saa tano. Kila wiki mtoto mmoja alileta kitu kutoka nyumbani, akakiweka mezani na kukisemea. Zilipita tasbihi na rozari, ukapita msala, ikapita sahani ambayo bibi mmoja hakuruhusu iguswe na nyama. Mtoto akimwuliza Mwalimu kwa nini mwenzake hafanyi hivi wala hivi, jibu lake lilikuwa moja. "Mimi si mwenyewe. Uliza mwenyewe." Na mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, miguu haifiki chini, akivuta pumzi ili aeleze.

Walimgeuzia mara nyingi: "Na kwenu, Mwalimu?"

"Kwetu iko mtu moja tu," alisema. "Na hiyo moja bado nafikiri."

"Mtu mmoja! Na huyo mmoja bado anafikiri!"

Zaidi ya hapo hakuna aliyemtoa neno. Katika miaka saba sikumwona akienda kanisani wala kwingineko, na sikumsikia akicheka imani ya mtu.

Niseme kitu kimoja kizuri juu yake, nisije nikaonekana mchoyo. Mama mmoja wa Thornhill alikuja juu, mwanawe amerudi nyumbani akitaka kuwasha mshumaa kama rafiki yake Mkatoliki. Alishuka ngazi kwa kishindo. Mimi nilifungua mlango wangu kidogo, nakiri, nikitaraji kusikia mtu akichambuliwa kama karanga. Mwalimu alimpa kiti chake mwenyewe akamwambia, "Mama, mimi nakosea. Wewe iko hapa, sema wewe." Yule mama alisema. Akasema saa nzima, akawafundisha watoto namna wanavyoomboleza mwezi wa Muharram, akalia mbele yao, na watoto wakamletea karatasi za kufutia machozi. Alipotoka alikuwa amemwahidi Mwalimu sambusa. Nilifunga mlango wangu.

Hapo nimefika kwenye barua, na hiyo lazima niiseme. Niliiandikia kamati barua ya kurasa mbili, mwandiko mzuri, nikidai kwamba haiwezekani watoto wafundishwe habari za Mungu na mtu anayemweka katika ngeli ya vitu. Nilitoa mifano kumi na minne. Mwenyekiti wa kamati alikuwa daktari wa meno, Muismailia wa Mississauga, na Kiswahili alikijua kwa kukisikia tu jikoni kwa bibi yake. Barua yangu ilimshinda. Kwa hiyo akafanya nini? Akampa Mwalimu amtafsirie.

"Aliitafsiri yote," mwenyekiti aliniambia baadaye, macho yakiwa sakafuni. "Hakuruka hata mstari."

Mwalimu mwenyewe alinijia Jumamosi iliyofuata na kikombe cha chai, ile ya mara ya kwanza. "Mama Rehema, barua yako nzuri sana. Iko maneno mazito." Hakuwa anakejeli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kamati haikumwondoa, na mimi sikumwomba radhi.

Kwa nini niliandika barua ile, hiyo ni habari nyingine, na ngeli haimo.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Marehemu mume wangu alikuwa Mlutheri wa Moshi. Tulioana bomani, ndugu wa pande zote mbili wakatununia, na tulipopanda ndege tulikubaliana kwamba dini tumeiacha uwanjani Dar es Salaam. Nyumbani kwetu hatukusali kwa sauti wala hatukubishana. Ilikuwa nyumba ya amani na mimi niliringia amani ile. Halafu majira ya baridi ya mwaka ambao Rehema alitimiza miaka minane, moyo wa mume wangu ulisimama akiwa kazini, ghalani, akiwa na glavu mikononi. Alizikwa na wachungaji wa kwao. Mimi nilisimama nyuma na mtandio wangu, nikijisomea ya kwetu kimoyomoyo.

Siku chache baadaye nilikuwa nakanda unga, na Rehema akaniuliza kwa Kiingereza baba yuko wapi sasa. Nilikuwa na majibu mawili, la kwangu na la baba yake, na kila moja lilinikwama. Ningeweza kumwambia sijui, hata hilo lingekuwa neno. Nikamwambia, "Niletee mafuta." Akaniletea. Hakuniuliza tena.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yake ya kuleta kitu. Mimi sikujua. Nilikuwa nimewapa watoto wangu zoezi, chumba kimya, na upande wa pili kukawa kimya pia, kimya ambacho hakikuwa cha kawaida kwake. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu ikizungumza Kiswahili. Sentensi nzima. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Kwetu," alisema, "kwetu hatusemi."

"Hapana sema nini?"

"Hatusemi habari za baba. Hii glavu yake."

Glavu ile nilikuwa nimeitafuta wiki nzima mpaka chini ya vitanda.

"Baba iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Nilisimama. Kiti kilianguka. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, tayari kwenda kumkamata yule mzee sweta lake, mtu gani anamwuliza mtoto yatima swali kama hilo, tena kwa kosa kama hilo.

"Yuko," alisema Rehema.

"Iko?"

"Yuko! Siyo iko! Baba siyo kitu, Mwalimu. Baba yuko."

"Haya. Yuko wapi?"

"Sijui wapi. Mama yangu hajui pia. Lakini yuko."

"Andika," alisema. "Andika ubaoni, mimi nisisahau."

Nikasikia chaki, polepole, na watoto wengine wakimsaidia herufi. Mwalimu hakusema mbinguni, hakusema peponi, hakusema Mungu amempenda zaidi.

Mama mwenye moyo safi angeshukuru. Mimi nilipatwa na wivu ambao hata marehemu hakuwahi kunipa sababu ya kuuhisi. Mwanangu alikuwa na maneno yale kinywani, kwa lugha yangu, na ngeli zake zote sawa, akayachukua akampelekea mzee anayetumia kifuko cha chai mara mbili. Saa saba mchana, watoto walipoondoka, niliingia chumba cha pili kufuta ubao kama nilivyofanya kila wiki. BABA YUKO, kwa herufi kubwa zilizopinda kushuka. Nikaifuta. Sina maelezo. Nilishika kifutio nikaifuta, kisha nikampeleka mwanangu nyumbani. Wiki mbili baadaye nikaandika barua.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya mimi kuyafuta, maneno yale yalikuwapo tena, madogo, kwenye pembe ya juu ya ubao, kwa mwandiko wa Mwalimu. Yalibaki pale mpaka shule ilipofungwa mwaka ule. Sikuyafuta tena, na hatukuyazungumza.

Shule ya Jumamosi ilikufa kama zinavyokufa shule za namna hiyo. Watoto wakakua, wazazi wakahamia mbali, jengo likauzwa. Mwalimu akahamia Mississauga, ghorofa ya tisa, miguu ikaanza kumsumbua. Nilidhani nimemaliza naye. Kumbe Rehema alikuwa akimpigia simu kila mwezi. Hilo nililijua alipofikisha miaka kumi na minane, aliponiambia nimpeleke kwa gari Mississauga kumsalimia, na nibebe chapati.

Alitufungulia mlango akiwa amevaa sweta la haradali. Halikuwa jipya, lilikuwa lile lile. Tuliketi, akaleta chai, na sikutaka kujua ni ya mara ya ngapi. Rehema hakuweza hata kungoja chai ipoe.

"Mwalimu, nimepata nafasi chuoni," alisema kwa Kiswahili. "Nitasomea ualimu wa watoto wadogo."

Niliweka kikombe chini. Mimi, mama yake, mwalimu mwenye cheti, habari hiyo nilikuwa naisikia sebuleni kwa mtu, pamoja na mtu. Mwalimu alimshika mikono yote miwili. Mimi nilikata chapati ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Hapo simu ikalia. Alikuwa rafiki yake wa zamani, wa Mombasa. Mwalimu akaipokea, akageukia dirishani, akasema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia:

"Usijali, ndugu yangu. Miguu inaniuma, lakini si kama juzi. Zile dawa nilizoandikiwa nimezimaliza zote. Sasa niwie radhi, nina wageni, wametoka mbali na chapati zao, na sitaki zipoe. Nitakupigia kesho, inshallah, au Mungu akipenda, chagua mwenyewe."

Hakukosea hata pale pa kukosea. Wanafunzi wangu wa Tanga, wale bora kabisa, wasingesema vizuri zaidi. Barua yangu ya kurasa mbili ikanijia kichwani, na swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza miaka kumi kabla: mtu asiyejua Kiswahili aliitafsirije bila kuruka mstari?

Akakata simu. Akaketi, akanitazama usoni bila kupepesa.

"Mama Rehema," alisema, "chapati iko moto?"

"Ziko moto," nilisema. Lilinitoka tu.

Walicheka, yeye na mwanangu, wakacheka mpaka Rehema akafuta macho kwa pindo la blauzi. Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia.

Garini, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya kurudi Toronto, nilimwuliza, "Ulijua?"

"Mom. Wote tulijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza." Alianza kwa Kiingereza, akasita, kisha maneno ya Mwalimu akayasema kama alivyoyasikia. "Alifunga mlango akatuambia, 'Nitakuwa nakosea, na kazi yenu ni kunikamata. Lakini msimwambie mwalimu wa chumba cha kwanza. Atanisahihisha yeye kabla yenu.'"

Niliendesha. Nilikumbuka korido, na yule mzee ameinamisha kichwa akinisikiliza nikimfundisha ngeli ya kwanza. Nilikumbuka kitasa mkononi mwangu na swali lile, baba iko wapi, ambalo nililiita kosa. Alikuwa amemwachia mtoto mahali pa kusimama. Na mimi nyumbani, kila mwanangu alipofungua kinywa kwa Kiswahili, nilikuwa pale na kalamu nyekundu kabla sentensi haijafika mwisho. Alihamia Kiingereza kwa sababu huko sikuweza kumfuata.

Nilimwonea wivu Mwalimu kuliko siku zote. Nilimwonea wivu kwa kosa lile, kwamba lilikuwa lake na si langu. Taa ikawa nyekundu, nikasimamisha gari, na nikaamua kumwibia.

Haikuwa rahisi. Mdomo wangu haujazoea. Nilijaribu mara moja nikaishia kukohoa, na Rehema akanitazama.

"Rehema," nilisema. "Baba yako iko wapi?"

Taa iligeuka kijani. Dereva wa nyuma akapiga honi. Mwanangu alikuwa ametazama mbele, mikono amebana magotini, na nilidhani nimechelewa, kwamba kitu kama hicho kina umri wake na sisi tumeupita.

"Yuko, Mama," alisema. "Siyo iko. Yuko."